Siku ya Tatu Mpe Jembe: Ubaguzi wa Kimfumo na Nafasi ya Mwanafunzi katika Elimu ya Uuguzi

Hotuba kwa wakufunzi, wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, iliyotolewa Dodoma na kuhaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa vyuo, wakufunzi wenzangu, mainchaji, yaani wasimamizi wa wodi, mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa bila kulala, na ninyi wanafunzi mliojazana viti vya nyuma kana kwamba vya mbele vina miiba: mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie ubaguzi wa rangi katika elimu ya uuguzi. Mwenzangu mmoja ninayefundisha naye aliposikia mada hiyo alicheka, akaniuliza, "Dada, ubaguzi wa rangi Dodoma? Nani anambagua nani?" Swali lake ni la haki, na sijaliacha tangu siku ile. Chuoni kwetu mkuu ni Mwafrika, mkufunzi ni Mwafrika, na mgonjwa aliyelala kitandani, mara nyingi kabisa, ni Mwafrika. Kama ubaguzi wa rangi ungekuwa ni mtu kumchukia mwenzake kwa ajili ya ngozi yake na basi, ningewashukuru kwa kunisikiliza tukaenda kunywa chai. Lakini upo ubaguzi usiohitaji mtu wa kuchukia. Umo kitabuni, umo kwenye mashine, umo kwenye fomu na katika mpangilio wa zamu, na unaendelea kufanya kazi yake hata pale waliouanzisha wamekwisha kufa na kuzikwa. Huo ndio wanaouita ubaguzi wa kimfumo, na huo Dodoma tunao.

Naomba mnifuate kwanza katika chumba cha mazoezi, kile chenye vitanda na madoli. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni kina doli la mtoto mchanga ambalo limepita mikononi mwa wanafunzi wengi mno: kitovu chake kimelegea, shavu la kushoto limechubuka, na ngozi yake yote ni ya rangi ya waridi. Juu ya doli hilo tumefundisha, mwaka nenda mwaka rudi, alama ya Apgar, yaani kipimo kilichobuniwa mwaka 1952 na daktari wa usingizi wa Marekani, Virginia Apgar, ili mkunga aweze kusema kwa haraka hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mnalifahamu jambo hili kuliko mnavyofahamu namba zenu za simu: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, nguvu ya misuli na kupumua, kila kimoja sifuri hadi mbili. Na kwenye rangi tunafundisha kwamba mtoto apewe mbili akiwa pinki mwili mzima.

Alfajiri moja nilikuwa leba na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mtoto alizaliwa, akalia, akakaushwa, akalazwa kifuani pa mama yake, nami nikachungulia fomu na kukuta tayari pameandikwa mbili kwenye rangi. Nikamwuliza binti yule ameona nini. Akanitazama, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa mweusi tititi kama baba yake aliyekuwa akisubiri nje, kisha akanijibu kwa unyofu ulioniumiza: "Sikuangalia, Madamu. Nimeandika mbili kwa sababu analia." Sikumgombeza. Ningemgombeza vipi, ilhali doli tulilomfundishia linaonyesha alama ile bila kuhitaji jicho, na mtoto aliye mbele yake haonyeshi namna hiyo? Nikamfunulia mtoto midomo, nikamwonyesha ulimi na ufizi, nikamgeuzia viganja na nyayo, kwa sababu ndiko damu yenye oksijeni inakojionyesha kwa mtoto mweusi. Hapo ndipo niliposhtuka mwenyewe. Hayo yote sikuyapata darasani. Nilifundishwa na mkunga mmoja mzee, zamu za usiku, nikiwa bado mwanafunzi, na kitabu chetu kuhusu jambo hilo kilikuwa kimya.

Tazameni sasa kimya hicho kinavyokwenda mbali. Kile kifaa kidogo tunachokibana kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye nyama ya kidole na kusoma kiasi kilichofyonzwa. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga, na vifaa hivi kwa sehemu kubwa vilisawazishwa kwa vidole vya watu weupe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu iliyochukuliwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Wakawaangalia wagonjwa ambao kifaa kilisema wako kati ya asilimia 92 na 96, yaani wale ambao muuguzi hupita kitandani kwao bila wasiwasi mkubwa. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 walikutwa oksijeni yao halisi iko chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weusi walikuwa asilimia 11.7. Kifaa hakina chuki na mtu, na fundi aliyekitengeneza huenda ni mtu mwema sana, mcha Mungu. Hata hivyo mgonjwa mweusi ndiye anayekosa hewa huku namba ikisema yuko salama, na kifaa hicho hicho ndicho kinachoning'inia shingoni mwa wanafunzi wangu.

Au chukueni figo, kwa kuwa hapa mjini kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018. Kwa miaka mingi kanuni zilizotumika Marekani kukadiria kazi ya figo kutokana na kreatinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo, zilikuwa na kizidishio cha pekee kwa mtu mweusi, na kizidishio hicho kilizifanya figo zake zionekane nzima kuliko zilivyo. Mtu aliweza kucheleweshwa kuingia katika orodha ya wanaosubiri figo kwa sababu ya hesabu tu. Wataalamu wa figo wa huko walipendekeza kizidishio hicho kiondolewe mwaka 2021. Juzi tu hapo.

Vitabu navyo vina yake. Mwaka 2017 kampuni ya uchapishaji ya Pearson iliomba radhi na kuondoa katika kitabu chake cha uuguzi sehemu iliyokuwa ikiwaeleza wanafunzi jinsi watu wa asili mbalimbali na dini mbalimbali wanavyopokea maumivu, mmoja mmoja, kama mtu anayeeleza tabia za mifugo. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Virginia ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari weupe walio mafunzoni waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Na walioamini zaidi ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo.

Nikisimulia hayo hapa Dodoma, huwa naona vichwa vikitikiswa kwa masikitiko juu ya Wamarekani. Kwa hiyo nawauliza mainchaji: ni mara ngapi, mama wa Kibarbaig anapofikishwa leba, mmesikia mtu akisema, "Hao Mang'ati hawasikii uchungu, hao huzaa kama wanakohoa"? Mimi nimelisikia neno hilo mara nyingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Hata jina lenyewe si lao. Walipewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Mama yule hulala kimya kwa sababu amelelewa kukaa kimya mbele ya wageni, nasi tunaandika kwamba uchungu wake ni mdogo, hatumpimi mara nyingi kama mwenzake anayepiga kelele kitanda cha pili, na mfuko wa uzazi ukipasuka tunasema alichelewa kusema. Mtu anayedai ngozi ya mweusi ni nene na mtu anayedai mama mfugaji hasikii uchungu wamekaa darasa moja na kufundishwa na mwalimu mmoja.

Mwalimu huyo tunaweza hata kumtaja. Wale mnaokwenda Mirembe kwa mafunzo ya afya ya akili mnaingia katika hospitali iliyoanzishwa na Waingereza enzi za ukoloni, na ni vizuri mjue elimu ya akili iliyokuwa ikitawala Afrika Mashariki wakati huo. Dokta J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari pale Nairobi, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache mno sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu hiyo. Hayo hayakusemwa kilabuni. Yalisemwa kama sayansi, yakatiwa muhuri, yakasomwa na watu waliopanga nani afundishwe nini na nani aishie wapi.

Na hapo ndipo nafika kwenye jembe.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeuzoea msemo huu kama dokezo kwa mgeni asiyejua kuaga, na mashemeji zetu wanaukumbuka vizuri. Lakini ugeuzeni upande wa pili. Mtu akishapewa jembe ameacha kuwa mgeni. Ana tuta lake, jasho lake limeingia shambani, na siku ya mavuno hakuna atakayemwuliza amekuja kufanya nini. Kumkaribisha mtu ni jambo moja, kumkabidhi jembe ni jambo jingine kabisa, na historia ya mafunzo ya uuguzi imejaa watu waliokaribishwa vizuri tu, wakapewa uji, lakini jembe wakanyimwa.

Marekani walimnyima mtu mweusi jembe hilo kwa uwazi. Mary Eliza Mahoney alihitimu Boston mwaka 1879 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na baada yake milango mingi ya vyuo ilibaki imefungwa, hata wauguzi weusi wakalazimika kuunda chama chao wenyewe mwaka 1908, kwa sababu wengi wao, hasa wa majimbo ya kusini, hawakuwa na njia ya kuingia katika chama cha wenzao. Chama hicho kilidumu hadi 1951. Mwaka 2022 Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliomba radhi hadharani kwa sehemu yake katika hayo, na mimi naiheshimu radhi hiyo, ingawa imechukua muda ambao binadamu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa.

Uingereza walikuwa wastaarabu zaidi, na kwa hiyo kisa chao kina mafunzo zaidi kwetu. Huduma yao ya taifa ya afya ilianza Julai 1948 ikiwa na upungufu mkubwa wa wauguzi, wakaalika wasichana kutoka Jamaika, Barbados, Trinidad na kwingineko katika himaya. Wakaja. Wakati huo kulikuwa na njia mbili: muuguzi aliyesajiliwa, ambaye alisoma miaka mitatu na angeweza kupanda hadi kuwa matroni, na muuguzi wa daraja la pili, ambaye alisoma miaka miwili na ngazi yake iliishia hapo hapo. Wengi wa wasichana wale waliingizwa njia ya pili, mara nyingi bila kuelezwa tofauti, hata waliokuwa na sifa za kuingia ya kwanza. Waligundua baadaye, na waliotaka kurudi makwao waligundua zaidi, kwa sababu cheti kile cha miaka miwili hakikutambuliwa huko walikotoka. Jembe walipewa. Mpini ulikatwa nusu.

Wapo waliopenya. Kofoworola Abeni Pratt kutoka Nigeria aliingia mwaka 1946 katika chuo cha hospitali ya St Thomas' pale London, chuo kile kile alichokianzisha Florence Nightingale mwaka 1860, na baadaye akarudi kwao akawa muuguzi mkuu wa nchi nzima. Tunapenda kusimulia habari za watu kama Pratt katika Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, nasi tunafanya vyema. Ila nawaonya wanafunzi wangu wasidanganyike: mtu mmoja akipita kwenye tundu la sindano, tundu halijapanuka.

Na kwetu? Tanganyika ilirithi hospitali kwa rangi, kama ilivyorithi shule kwa rangi. Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika na Wahindi walikuwa na mahali pao pengine. Waingereza waliendeleza utaratibu huo. Juu walikaa masista walioletwa kutoka Uingereza, chini wakakaa wasaidizi na madresa wa Kiafrika ambao ndio waliokuwa wakifunga vidonda vya nchi nzima. Hadi leo bibi akitoka Chamwino hukuita "sista" hata kama wewe ni mwanamume mwenye ndevu, na neno hilo dogo ni kipande cha ngazi ile ya zamani kilichobaki mdomoni. Baada ya Uhuru ngazi ya rangi ilivunjwa kwa sheria, na Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza kumtendea mtu kama duni kwa sababu ya kabila, mahali alipotoka, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Tulikula kiapo cha kwamba binadamu wote ni ndugu zetu. Nakiamini. Lakini ngazi ya mbao ukiivunja, mbao hubaki uani, na mtu mwingine huja kuzitumia kwa kazi nyingine.

Mwaka mmoja, mwisho wa muhula, nilikusanya vitabu vya mazoezi vya darasa langu zima, hizi tunazoziita logibuku, nikazipanga kwenye meza ya kulia chakula nyumbani. Logibuku, kwa wageni wetu wasiojua, ndiyo ushahidi wa mwanafunzi: kila anapofanya kazi kwa mkono wake, kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa wa damu, kuingiza mpira wa mkojo, kuzalisha, kufunga kidonda kikubwa, inchaji humtilia sahihi. Zikifika idadi inayotakiwa, mtihani anakaa. Safari hii sikuzipanga kwa alfabeti. Nilizipanga kwa wingi wa sahihi, na kisha nikasoma majina ya walioangukia chini kabisa.

Alikuwapo kijana aliyesoma shule ya kata mbali huko, ambaye Kiingereza chake kilisitasita, na ripoti ya zamu kwetu ilitolewa kwa Kiingereza. Alikuwapo kijana mwenye ualbino, ambaye hakuona vizuri mwandiko mdogo wa mafaili na alichukuliwa kuwa mzito. Alikuwapo msichana wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Dodoma, na baba yake alizaliwa hapa, ambaye wenzake walimwuliza kila baada ya wiki atarudi lini kwao. Na alikuwapo binti wa Kisandawe, ambaye nitamrudia. Hakuna inchaji aliyewachukia watoto hao, nami nawafahamu mainchaji wale, ni watu wa kazi. Ila kazi inapobana mtu huita jina linalomjia haraka mdomoni na mkono anaouamini tayari. Kanula akaitiwa mmoja, na mwingine akaambiwa apeleke sampuli maabara. Kesho vivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu yule wa kwanza ana mkono mwepesi, na yule wa pili anaijua sana njia ya maabara, nasi tunasema, kwa haki kabisa kama inavyoonekana, kwamba wa kwanza ni hodari.

Sasa binti wa Kisandawe. Hapa lazima niseme yangu.

Siku ya kwanza ya darasa, wakati wa kujitambulisha, alisema ametoka kwa Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, zile sauti za kualisha ulimi, nami kwa furaha ya kweli kabisa nikamwambia, "Hebu tusemeshe kidogo ile lugha yenu ya vidoko." Akasimama akasema maneno mawili. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, nikadhani tumekwisha kufahamiana. Kuanzia siku hiyo akipita koridoni walimpigia vidoko badala ya kumwita jina lake. Bwenini, mezani, kwenye foleni ya chakula, vidoko. Alipokuwa akitoa ripoti wodini mtu mmoja alipiga kidoko nyuma yake, na tangu hapo hakutoa ripoti tena; alikuwa akisimama ukutani, amekumbatia faili. Mtu akiniuliza nani alianzisha jambo lile, jibu ni mimi mwalimu wake.

Najua mtakaloniambia: utani. Nchi hii imeshonwa kwa utani na sitaki hata siku moja uishe. Lakini wazee waliotuachia utani walikuwa na masharti yake. Mtani wako anakutania nawe unamtania, kwa uzito ule ule, na siku ya msiba anakuja kukusimamia mambo ambayo ndugu wa damu hawezi kuyasimamia kwa majonzi. Yule binti alikuwa peke yake darasani. Hakuwa na wa kumrudishia, wala hakuna aliyefika kwao siku alipofiwa na babu yake. Utani wa upande mmoja hauna jina hilo.

Na sisi tunaoishi Ugogo tunajua vizuri maneno ya namna hiyo yanakotoka. Mwanafunzi wa Bahi akifika Dar es Salaam kwa mafunzo huulizwa kama amekuja na bakuli, kwa kuwa Mgogo, kwa wenzetu, ni ombaomba. Wachache wanaouliza hivyo wamewahi kusikia habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalipita hapa yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, na mvua ilipokosekana baada ya hapo watu walikufa kwa njaa, familia zikatawanyika kutafuta chakula popote. Watu wakanyang'anywa hadi ghala likawa tupu, kisha utupu wa ghala ukaitwa tabia yao. Mwanafunzi anayejua hilo atamtazama mgonjwa maskini kwa jicho jingine, na ndiyo maana nashauri historia hii ifundishwe katika somo la sosholojia badala ya kukariri maana ya neno utamaduni.

Kuna asubuhi moja ambayo bado ninaiona. Bibi mmoja alilazwa, amevunjika nyonga, na faili lake kwa siku tatu mfululizo liliandikwa kwamba hana ushirikiano. Alikataa mpira wa mkojo, alikataa uji, akigeuzwa alisukuma mikono ya watu. Tulipofika kitandani kwake binti yule, aliyekuwa nyuma kama kawaida yake, akamsikia bibi akinung'unika, akasogea, akainama, akamjibu. Walizungumza labda dakika mbili. Bibi alikuwa akiuliza jambo moja tu tangu alipoletwa: mjukuu wake mdogo aliyekuja naye kwenye gari amepelekwa wapi, nani anamlisha. Alikuwa akikataa kila kitu mpaka ajibiwe. Mjukuu alitafutwa, akapatikana kwa ndugu Chang'ombe, akaletwa dirishani, na mchana ule bibi alikunywa uji wote. Inchaji alilichukua faili akakata kwa kalamu maneno yale, hana ushirikiano, akamkabidhi binti kanula aiweke yeye.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Tulifurahi mno, kisha tukamgeuza kuwa mkalimani wa hospitali nzima. Aliitwa kutoka darasani, aliitwa wakati wa chakula, alikosa vipindi viwili vya dawa kwa sababu wodi ya wanaume ilimhitaji. Kipawa chake tukakifanya mzigo, tena bila sahihi hata moja kwenye logibuku, kwa kuwa kutafsiri hakumo katika orodha ya mazoezi. Alinijia yeye mwenyewe kuniambia, akisema polepole, "Madamu, mimi nilikuja kusoma uuguzi."

Tangu hapo tumebadilisha mambo kadhaa, na nayataja bila kujigamba kwa sababu mengine bado yanayumba. Logibuku zinakaguliwa katikati ya muhula, si mwisho, na aliye na sahihi chache ndiye anayeitwa kwanza kwenye kanula wiki inayofuata. Inchaji mmoja alilalamika kwamba hilo linachelewesha kazi, na ni kweli linachelewesha. Ripoti ya zamu inatolewa kwa Kiswahili, na Kiingereza kinabaki kwenye maandishi, jambo lililowaudhi baadhi ya wenzangu wanaohofia kwamba mwanafunzi atashindwa mtihani au atakwama akienda kufanya kazi nje. Mimi naona muuguzi anayeelewa alichoambiwa saa moja na nusu asubuhi ana nafasi kubwa zaidi ya kukieleza kwa lugha yoyote jioni. Kutafsiri kumepewa ukurasa wake na sahihi zake, na mwanafunzi ana haki ya kukataa. Kujitambulisha siku ya kwanza sasa kila mtu anasema jina analotaka kuitwa, basi.

Na doli. Kununua jipya lenye rangi yetu ni gharama, na bajeti mnaijua. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikwenda sokoni Majengo wakarudi na soksi ndefu za kike za rangi ya kahawia iliyokolea, wakalivisha kuanzia kichwani, fundi cherehani akashona pembeni, wakaacha wazi midomo, viganja na nyayo. Ni doli la ajabu kidogo, na mgeni mmoja aliyekuja kutukagua aliuliza kama limeungua. Lakini mwanafunzi akilisogelea hawezi tena kuandika mbili bila kulifungua mdomo.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha na kwamba sasa ni wakati wa maswali. Kwa kawaida kipaza sauti huanzia hapa meza kuu, kikishuka taratibu kwa wakuu wa vyuo, na kinapofika nyuma chai imekwisha kupoa na watu wameanza kunyanyuka. Kijana wa mitambo, naomba ukipeleke nyuma kabisa kule, safu ya mwisho, kwa wale wa mwaka wa kwanza. Waanze wao, na sisi huku mbele tutasubiri.